Aliyeingia Bila Hodi

Shikamoo Babu,

Marahaba nimejijibia mwenyewe, kwa sauti yako.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Tangu tulipokuzika kule Mkonze, nikibaki peke yangu sebuleni naweka filamu, halafu naisimulia kwa kunong'ona nikiwa nimeelekea kiti chako. Sasa yule mama wa filamuni amevaa koti. Sasa gari limekwama. Kisha nanyamaza kidogo ili upate nafasi ya kuuliza. Juzi Mama alinikuta midomo inacheza, akarudisha mlango taratibu. Jioni nikamsikia akimwambia Baba Mdogo kwamba huyu mtoto ameokoka, siku hizi anasali sana. Sikumsahihisha. Tangu hapo naongezewa nyama.

Leo ni Krismasi, Babu. Asubuhi imenyesha mvua ya kupandia kabisa, hapa kwetu Ipagala pote pananuka udongo, ungefurahi. Naandika chumbani kwako maana ndiko kusiko na watu. Kila mtu akipita koridoni nafunika karatasi kwa daftari la Fizikia.

Unakumbuka tulivyoanza? Macho yako yalikuwa yamekwisha, mimi nipo darasa la nne. Watu wote wanaitazama runinga wanacheka, wewe ukanivuta mkono ukasema, "Nyemo, nipe macho." Mimi huyu ambaye shuleni nikiulizwa kwa Kiingereza sauti inakwama, na nikiulizwa kwa Kiswahili inakwama vilevile. Kwako maneno yalitoka tu. Ila theluji ilinishinda. Nikasema ni kama unga mweupe wa mtama, umemwagika mpaka juu ya mapaa. Halafu ukauliza kwa hasira, "Na hao watoto wanaukanyaga? Wazazi wao wako wapi?" Nusu nzima ya filamu uliwachukia wale watu kwa kuchezea chakula.

Lakini ile ya nyumba ya mlimani ndiyo tuliyoirudia kila mwaka. Familia ya watu wanne wanafunga mlango, wanasafiri, wanakwama njiani, wanarudi wameganda kwa baridi. Mlango umefungwa vilevile walivyouacha. Ndani moto unawaka, chakula kiko mezani kinatoa mvuke, na sahani ni tano. Hakuna mtu. Tunaonyeshwa kofia kuukuu ya babu yao marehemu ikining'inia ukutani, na dirishani, kwa mbali, taa ya mtu anayetembea. Basi, imekwisha. Nani aliwasha moto, hawasemi.

Mama Halima, jirani yetu mwenye asili ya Kondoa, ambaye anakula Krismasi kwetu kama sisi tunavyokula Idi kwake, hakuwa na shaka. Alisema aliyewasha moto ni jirani wa familia ile, ufunguo wa akiba anao. "Jirani anapika, sifa mnampa mzimu." Wewe ukaniuliza, "Nyemo, umesikia hodi?" Nikarudisha nyuma, nikatega sikio. Hakuna hodi. Ukasema, "Basi. Jirani hata awe na funguo kumi, hodi atapiga. Huyu aliyeingia kimya ni mtu wa nyumba hiyo. Ni mwenye kofia." Mama Halima akasema Wazungu hawana hodi. Ukamjibu kwamba ndiyo maana wanachanganywa na filamu zao wenyewe.

Mwaka huu Mama alisema hakuna filamu. Tuweke kwaya, tule, tupumzike. Hakuna aliyebisha. Mimi nilitaka kubisha, Babu, kwa sababu niliona kabisa kwamba tukiiacha mwaka huu, mwakani hakuna atakayeikumbuka, na maswali yako yatakuwa yamekwenda nawe. Lakini unanijua. Nikaitikia tu.

Asubuhi hii tulikuwa uani tunachambua mchele wa pilau. Sijui nini kilinisukuma. Nikasema, "Mama Halima, wewe ufunguo wetu unao. Tukisafiri, ukija kulisha kuku, unapiga hodi?"

Ungo ukasimama mikononi mwake. "Napiga," akasema. "Nampigia nani sijui, lakini napiga."

Mama akacheka. Cheko lile lenyewe, ambalo hatukuwa tumelisikia tangu msiba. Baba Mdogo, mikono imejaa manyoya ya kuku, akadakia, "Kwa hiyo Mzee alikushinda."

"Hajanishinda. Taa ya dirishani ni ya nani?"

"Ya mlinzi," Baba Mdogo akajibu.

"Mlinzi katoka wapi? Nyemo hajawahi kumtaja mlinzi."

Nilishtuka, Babu. Nikawauliza kama walikuwa wananisikia. Baba Mdogo hata aibu hakuona. "Kiingereza chao cha puani mimi nakisikia wapi? Miaka yote natega sikio unavyomnong'oneza Mzee." Mama Halima akasema hata yeye. Nikamtazama Mama. Akainamia mchele wake. "Ukishusha sauti, nilikuwa napunguza runinga," akasema.

Na mimi nilidhani nina msikilizaji mmoja.

Basi Mama ameamua filamu iwekwe, tukishakula. Ila amesema nisinong'one, nisimulie watu wasikie. Tangu hapo pilau yenyewe sijui nitaila vipi. Ndiyo maana nimekuja kwako kwanza.

Nakuahidi nitasema yote. Nitaitaja kofia, nitaitaja na taa, Mama Halima asije akasema nimependelea upande wetu. Na tukifika pale mlango unapofunguliwa nitanyamaza kidogo, kama kawaida yetu, nafasi yako iwepo. Pumzika, Babu. Theluji nitaendelea kuiita unga, wakasirike wenyewe.

Mjukuu wako,
Nyemo

Nasikia nyayo koridoni. Kandambili. Zimesimama hapa nje, na kitasa kinazunguka. Hakuna hodi. Daftari la Fizikia liko pale pale kitandani, na nimeliacha, karatasi sijaifunika.