Baba Rukia, Mwambie Mtoto Nani Alileta Sinia

Baba Rukia,

"Macho ya mwanangu yameharibiwa na mataa ya mama yake." Umeyasema hayo kwenye hitima ya mama yako hapo Mbuchi, yakanifikia huku Kibiti kabla ubwabwa haujapoa. Ni uongo, na unaujua. Rukia alizaliwa na macho mabovu. Daktari alituambia tukiwa benchi moja, wewe umeng'ang'ania kanga yangu: miwani haitatosha, mpeni herufi kubwa na mwanga mkali. Ulilia siku ile. Nakumbuka, maana sijawahi tena kukuona ukimlilia mtu mwingine zaidi ya nafsi yako.

Tukamnunulia ile kompyuta kuukuu. Kioo chake kilikuwa kimefifia, herufi kama zimeandikwa kwa majivu. Mimi ninayesoma hata karatasi ya kufungia vitumbua nikasoma namna vioo hivyo vinavyofanya kazi: picha yenyewe haina nuru, inamulikwa kwa nyuma. Basi tukaamua kuimulika kwa taa zetu. Wewe ulishika kile kioo chembamba, mimi nikang'oa taa zake za zamani zilizofifia.

"Mama Rukia, ukikivunja hicho, mtoto atasoma ukutani."

"Kitavunjwa na mikono yako inayotetemeka, mwanamume wewe."

Tulicheka mpaka ukakiweka chini.

Taa mpya za LED tulizibandika kwenye ubao. Zikapata moto, gundi ikayeyuka, zikaning'inia. Hapo, na hili sikunyimi, ukaenda jikoni ukaleta sinia la alumini la mama yako, lile la pilau. Tukalikata kwa msumeno, tukabandika taa upya, tukaziachia nafasi ya vidole vitatu nyuma ya kioo zisionekane madoadoa. Sinia likaunyonya moto wote. Mama yako akasimama mlangoni.

"Nyie! Sinia langu mmelichinja?"

"Mama, linampa mjukuu wako macho," ulimjibu.

Akaketi aone. Tukaunga kwenye betri ya sola, na Rukia akasoma bila kugusisha pua kwenye kioo. Akageuka kwangu ameshangaa: "Mama, kumbe mwisho wa sentensi kuna nukta!"

Nilikupenda siku ile. Naandika hivyo kwa aibu.

Kisha jirani, kwa nia njema kabisa, akasema, "Kwa Baba Rukia siku hizi kuna mwanga." Kwetu mwanga ni nuru, na mwanga ni mchawi. Neno likavuka mto likiwa nuru, likarudi likiwa mchawi. Watu wakakuuliza barazani. Ulihitaji kusema kitu kidogo tu: ni taa za kompyuta, na sinia nililileta mie. Ukainamisha kichwa, ukasema, "Mie sijui anafanya nini mle chumbani."

Mwanamume mzima, mwenye ndevu, ukakimbia neno. Ukanipa talaka ili usionekane mume wa mchawi, ukabaki na mtoto, na kioo ukakifukia bandani chini ya magunia ya mpunga. Talaka sikulaumu, ulinipunguzia mzigo wa kupika kwa ajili ya mwoga. Ila naambiwa Rukia amerudi kulalia daftari, shavu limejaa wino, na mwalimu anamwita mvivu. Hilo sitakusamehe hapa wala akhera. Nakuombea umri mrefu, macho yako yafifie polepole, na siku utakapoomba taa, mtu unayempenda akwambie taa ndiyo iliyokuponza.

Nimemaliza nawe. Usinijibu, huna jambo la kuniambia.

Nanyi mawifi zangu wawili mnaoishi kwenye ua huo, mliokula ubwabwa wa hitima mkimsikiliza kaka yenu akidanganya juu ya taa tulizozibandika kwenye sinia la mama yenu. Mlikuwepo siku tulipoziwasha. Mlimsikia mtoto akitaja nukta, mkapiga vigelegele. Mtihani wa Rukia unaanza Jumatatu. Msiende kumwomba kaka yenu ruhusa, na msinitumie salamu za pole. Ingieni bandani leo, ondoeni magunia, mpeni mtoto kioo chake.

Mtalaka wako,
Mama Rukia