Milango ya Kabati la Mama

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Naanza kwa kukujulia hali wewe, wifi na watoto, nikitumaini kile kikohozi ulichonilalamikia kimekuacha. Sisi huku hatujambo. Goti la mama linamsumbua asubuhi, lakini ulimi hauna maradhi. Juzi amemgombeza fundi bomba kwa kumsemesha kwa sauti ya juu kana kwamba yeye ni kiziwi.

Najua umeshikika na hotuba ya kufungulia maonyesho ya picha za marehemu Profesa, nami nisingekusumbua kama jambo lenyewe lisingekuhusu. Tafadhali soma mpaka mwisho kabla hujanipigia simu.

Wiki iliyopita alikuja nyumbani mratibu wa maonyesho hayo, binti mmoja mpole. Alikuwa ameona picha ya zamani ya walimu wa chuo, na mwanamke pekee kati yao alikuwa mama, basi akataka amsimulie habari za Profesa. Mama akamkaribisha jikoni, maana ndiko anakoshinda siku hizi. Binti akaketi, akanyanyua kikombe, akakisahau mkononi. Alikuwa akitazama milango ya kabati.

Unaikumbuka, kaka. Duara jeusi linaloegemea jekundu, mistari ya njano inayopinda kama imesita. Tulikua tukidhani ni mapambo, mama kamalizia rangi zilizobaki. Mimi ninayewapima watu macho katika duka la miwani kutwa nzima, nimeifungua milango ile maisha yangu yote kutafuta chumvi, wala sijaiona.

Binti aliuliza nani kachora. Mama akajibu ni yeye, huku akimwongezea chai, kama mtu aliyeulizwa nani kakata vitunguu. Akaulizwa ni lini. Akasema ni kabla Profesa hajathubutu kuchora kitu kisicho na pua.

Ndipo akasimulia, kidogokidogo. Alipokuwa akifundisha uchoraji chuoni alichoka na nyuso na mitungi. Alitaka kuchora kile kinachobaki machoni mtu anapoyafumba baada ya kutazama taa. Akazipeleka mbao alizozichora kwenye kamati ya maonyesho ya chuo. Wale wanaume wakazigeuza juu chini, wakacheka, mmoja akamshauri ashone mapazia ya namna hiyo. Profesa, wakati huo mwalimu kijana, hakucheka. Alianza kuja nyumbani kuzitazama, akauliza maswali mazuri. Miaka ikapita, akaonyesha za kwake, na kamati ileile ikampigia makofi. Mama alipozipeleka tena zake, wakamwambia anamwiga Profesa.

Kwa hiyo baba akazikata mbao zile akatengenezea kabati. Usimlaumu, ni mama mwenyewe aliyemwomba. Alitaka angalau aweze kuziona kila siku.

Najua utadai ushahidi, na binti naye aliudai. Mama akainama kwa shida, akafungua mlango wa chini ulio karibu na jiko. Kwenye kona kuna alama ya kiganja cha mtoto, kimezama ndani ya njano. Ni chako. Ulikuwa ndiyo kwanza unajifunza kusimama kwa kushika vitu, na rangi ilikuwa mbichi. Profesa alipoonyesha picha yake ya kwanza ya namna ile, wewe ulikuwa umeshaanza shule. Tarehe hiyo umeiandika mwenyewe katika kitabu chako juu ya Profesa.

Binti alipoondoka nilimuuliza mama kwa nini alinyamaza muda wote huo. Nilikuwa na hasira, sikuificha. Alilonijibu naliandika kwa mkono mzito. Ulipomaliza shule, Profesa ndiye aliyekuombea nafasi ya masomo, akakulea kama mwanafunzi wake, nawe ukaja kumwita mwanzilishi wa uchoraji ule tangu sentensi ya kwanza ya kitabu chako.

"Ningesema wakati ule," mama aliniambia, "ningekuwa nimemnyang'anya mwanangu mwalimu wake."

Alinyamaza kwa ajili yako, kaka. Akanionya nisikuandikie kwa uchungu, maana Profesa alikupenda kweli, na alikuwa mchoraji kweli. Ila hakuwa wa kwanza.

Sasa amekubali milango ing'olewe ikatundikwe ukumbini. Nilijiandaa kumbembeleza, kumbe alikuwa ameshamtafutia fundi bisibisi. Kabati limebaki wazi, kila mgeni anazihesabu sahani zetu.

Sikuamrii la kusema jukwaani. Kuikana sentensi ya kwanza ya kitabu chako mbele ya watu si kazi ndogo, nalijua hilo. Nilimuuliza mama kama ana ujumbe kwako. 

"Mwambie asinisifu," alisema. "Watadhani ni mapenzi ya mtoto kwa mama yake. Ataje mwaka tu, halafu awaache watazame."

Msalimie sana wifi, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Mama anakusalimu, anasema uje na koti kwa kuwa ukumbi ule una baridi. Tutakaa safu ya mbele.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda Mimba