Sufuria Yako Ni Ile Yenye Mfuniko

Mdogo wangu,

Maharage yako yamo kwenye sufuria yenye mfuniko. Ile iliyovunjika mkono ni yangu, usiiguse. Usicheke, sitanii.

Asubuhi ulipotoka tu kwenda chuoni, alikuja yule mama wa ofisi ya msaada wa chakula kwa wanafunzi. Nikamkaribisha hadi jikoni, mjinga mimi. Akauliza, "Mnapika pamoja?" Nikajibu kwa majivuno, "Sisi? Tangu mama afariki tunakula sufuria moja!" Akaandika. Kumbe wanaopika pamoja huhesabiwa nyumba moja, na mshahara wangu wa kufua mashuka hospitalini unakufutia msaada. Nilipomwambia mshahara wote unaishia kwenye kodi ya nyumba, akasema, "Dada, mimi naangalia jiko tu."

Nikiacha kazi, tunafukuzwa nyumba. Nikiendelea, unasoma na njaa. Nimegeuka huku na huku, sioni pa kutokea.

Nimemsihi, atarudi leo saa kumi. Akikuta tumetengana kweli, msaada utabaki. Chumvi yako iko kwenye kikopo cha bluu. ~~Akiuliza, sema tumegombana.~~ Hapana, usiseme hivyo. Sema kuanzia leo kila mtu anajipikia.

Na iwe kweli, maana mimi kudanganya siwezi, uso unanisaliti. Jioni usinisubiri mezani, wala usinibakizie. Hayo ndiyo maharage ya mwisho kukupikia, nimetia vitunguu vingi unavyopenda. Kula polepole.

Dada yako,
sasa jirani yako wa jikoni