Tumekata Mpini Wako, Wilf

Kwa Wilfred Harland, aliyetutoka tarehe 10 Februari 1961

Wilf, leo mwaka umezunguka ukatimia tangu tukuache pale kanisani kwenye upepo, na mimi mkeo nina jambo la kukwambia. Nusu yake nimeliona mwenyewe. Nusu nyingine, ya shambani, nimesimuliwa na Jessie binti yetu na Amos rafiki yako, leo hii saa tisa alasiri, hapa mezani, wakisema wote wawili kwa pamoja na matope yamewafika kwenye nyusi.

Lakini kwanza nikushukuru. Watu wa hapa wanakukumbuka kwa sungura uliokuwa ukiwaacha mlangoni mwa wajane, wawili wawili, bila kubisha hodi. Mimi nakukumbuka ukiwa kanisani na kicheche mchanga, mmoja wa wale uliowafuga wakutolee sungura mashimoni, ndani ya shati kwa sababu alikuwa mgonjwa, na mchungaji akishangaa kwa nini wimbo wa pili unakuchekesha.

Yale maradhi yalipowamaliza sungura wote wa vilima hivi, wenzako waliwaua vicheche wao. Wewe uliwalisha wako mkate na maziwa miaka mitatu, bila kazi. Ulisema, "Sungura watarudi, na hawa wawepo." Wamerudi, Wilf. Ua wa miiba wa shamba la Bwana Megginson umetobolewa wote.

Na nakukumbuka ulivyochagua sepetu yako. Alhamisi tatu za soko la Driffield ulienda, ukarudi mikono mitupu. Uliiweka kila moja juu ya kidole uone inalalia wapi. Uliigonga ukaisikiliza. Nilikuuliza, "Unanunua sepetu au unaoa?" Ukanijibu, "Kuoa niliamua kwa siku moja."

Uliyoileta ilikuwa na bapa jembamba, lililopinda kidogo kama kiganja, ncha yake ya mviringo. Ulimwambia Jessie, naye alikuwa na miaka tisa: "Kule chini kuna mnyama wako, yu hai. Bapa pana litaangusha dari juu yake. Ncha ya pembe itamkata. Na mpini uje kwapani mwako. Ukizidi, ua utakushika. Ukipungua, mgongo utavunjika." Mpini ulikuja kwapani mwako wewe, mwanamume aliyekuwa akiinama kila mlango.

Ulipoondoka, Jessie aliichukua kazi. Katika vicheche wako amebaki Dolly peke yake, yule mweupe, wa mwisho wa uzao wako. Amos ana dume, na wamekubaliana wawakutanishe majira ya joto. Basi Dolly akipotea, yote uliyofuga tangu ujana yamekwisha. Hilo tulilijua sote.

Sasa nakiri kosa langu. Mwezi wa Oktoba Jessie alisema, "Mama, nikate mpini wa Baba kidogo tu. Naingia nao kwenye ua, miiba inaunyakua." Nikamwambia, "Utaukata mkono wa baba yako?" Hakusema tena. Mwezi wa Novemba alirudi na jeraha kwenye paji la uso, mpini ulinaswa ukamrudia. Bado sikulegea. Niliitundika sepetu nyuma ya mlango, nikaipaka mafuta kila Jumapili, na yeye akaenda dukani akanunua ya bustani.

Leo asubuhi alitoka na Amos kwa sababu, alisema, siku yako haifai kukaliwa ndani. Amos alipoiona ile sepetu mpya alicheka mpaka akakohoa.

"Hiyo ya kupandia viazi, binti. Dolly amekuwa kiazi lini?"

"Mzee Amos, mimi sina nyingine."

"Unayo. Imening'inia jikoni kwa mama yako kama picha ya mfalme."

Walimfunga Dolly kamba yako, ile yenye fundo kila hatua, wakatega nyavu ndogo kwenye mashimo ya sungura chini ya ua, wakamwachia. Akaingia mafundo matano. Kisha kamba ikasimama. Haikurudi, haikwenda. Amos aliishika kwa vidole viwili kama mtu anayepima mapigo ya moyo.

"Imezunguka mzizi," alisema. "Yu hai, anavuta. Pima hatua tano, uchimbe, lakini polepole."

Jessie alipima, akachimba. Unaujua udongo wetu wa chaki. Lile bapa pana halikutoa udongo konzi konzi, lilibomoa bonge zima. Dari ya shimo ikaanguka. Akachimba tena, bapa likagonga jiwe la gumegume, likateleza upande, na alipolinyanyua kulikuwa na nywele nyeupe ukingoni. Tatu. Hapakuwa na damu. Aliitupa ile sepetu kama kitu cha moto.

"Mzee Amos, nimemuua?"

"Kamba inatikisika bado. Kidogo. Wewe kimbia."

"Nikimbie wapi?"

"Kwa mama yako! Na usirudi na huo mlingoti ulivyo!"

Mimi nilikuwa nakanda unga wa pai. Mlango ukafunguka ukagonga ukuta. Alikuwa Jessie. Alionyesha tu nyuma ya mlango, na machozi yalikuwa yamechora njia mbili kwenye ile chaki usoni.

"Dolly kafukiwa, Mama. Najua ulikataa, lakini..."

"Simama wima," nikamwambia.

"Mama?"

"Wima! Unataka nikupime ukiwa umejikunja kama kuku wa mvua?"

Nilimsimamishia sepetu yako ubavuni. Nikabonyeza dole gumba langu lenye unga kwenye mpini, pale chini ya kwapa lake. Alama nyeupe. Juu ya ile alama, Wilf, ilibaki shubiri mbili nzima, na ndipo mkono wako wa kulia ulipokuwa umeusugua mti ukang'aa. Nilitazama. Kisha nikaleta msumeno wako, nikaulaza mpini kwenye kiti, nikamwambia Jessie aukalie, nikakata. Sijawahi kukata mbao maishani. Nilidhani nitalia. Sikupata nafasi, msumeno ulikuwa butu kweli, na kwa hilo nitakulaumu tukionana.

"Ncha haijapigwa msasa, itakuchoma," nilisema.

"Ichome," akasema, na alikuwa ameshafika kwenye geti.

Amos anasema Jessie alipofika aliingia chini ya ua bila mwiba hata mmoja kumshika. Anasema alichimba kama wewe. Konzi, anasikiliza. Konzi, anasikiliza. Kamba ilikuwa haitikisiki tena, na Amos hakumwambia. Mwisho Jessie aliweka sepetu chini akaingiza mkono mpaka begani, akamtoa, kitu kama kitambaa cheupe kilicholowa. Hakupumua. Amos alimchukua, akampuliza chaki puani, akamsugua tumbo.

Dolly akapiga chafya. Kisha akamng'ata Amos dole gumba, akang'ang'ania.

"Mtoe, mtoe!" Jessie alikuwa anacheka na kulia.

"Mwache!" Amos akapiga kelele. "Mwache aume! Huyu ni mzima kabisa!"

Na nyuma ya ule mzizi alikuwapo sungura mnene, amekaa anatetemeka. Ndiye tuliyemla kwenye pai. Nusu ya pai Jessie ameiacha mlangoni kwa Bi Ellerby, yule mjane, hakubisha hodi.

Sasa ni saa moja jioni. Dolly amelala kwenye sanduku lake ndani ya soksi yako. Amos amesinzia kwenye benchi, kidole kimefungwa kitambaa, mdomo wazi, hata chai hakuimaliza. Jessie amelala kwenye kiti chako na viatu vyake vya matope, sepetu magotini. Ted mumewe alikuja kumchukua, akamtazama, akawapeleka watoto nyumbani kwanza.

Kile kipande cha juu nimekipandisha chumbani. Unalikumbuka dirisha letu la kupandisha, linaloanguka kama shoka, uliloahidi kulitengeneza kwa miaka kumi na mmoja? Wewe ulitaka kulala na hewa hata theluji ikianguka. Tangu uondoke nimelifunga. Leo nimelipandisha, nikaweka kipande chako chini yake. Limetosha barabara. Hatimaye umelitengeneza.

Wanaokukumbuka ni mimi mkeo Edith, Jessie na Ted, wajukuu wako Maureen na Keith, Amos Boyes na dole gumba lake, na Dolly, ambaye Mungu akipenda atakuzalia wengine majira ya joto.

Siku zote uko nasi, Wilf. Hewa inaingia vizuri. Nazima taa, nami nalala.