Saa Isiyoogopa Maji

Mpendwa Mama Kathambi,

Naomba msaada wako kabla sijafanya upumbavu, maana mwisho wa mwezi umekaribia. Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya msingi huku Siakago, nina mke, Cicily, na watoto watatu, na pombe sinywi. Juzi nilipanda Embu mjini nikaona dukani saa ya mkono ya dijitali, si zile za plastiki za sokoni ambazo jua la huku hufuta namba kabla ya Krismasi, hii ni ya chuma, ina taa, inakumbuka raundi mia moja za mkimbiaji, na haiingizi maji hata ukizama nayo mita mia mbili, bei elfu nane na mia tano, na muuzaji hakupunguza hata shilingi, nikaacha elfu nne aniwekee mpaka mwisho wa mwezi, nikibadili nia anirudishie.

Sasa Mama, pesa hizo ni za mbuzi. Tuliuza mbuzi wawili tununue gata za paa, ile mifereji ya kukinga maji ya mvua, kwa sababu kikundi cha akina mama humpa mwanachama mmoja tangi la mabati kila msimu, na zamu ya Cicily, anayekwenda mtoni na mtungi mara nne kwa siku, imefika, tangi liko nyuma ya nyumba tayari, lakini gata ni juu ya mwenye boma, na sheria yao ni kwamba tangi likikutwa kavu baada ya mvua ya kwanza linabebwa kwa anayefuata kwenye orodha. Mvua ni Oktoba. Nimemwambia Cicily kwamba mwenye duka la mabati ameishiwa gata. Jana akaniuliza, "Baba Teresia, kwani gata zinatoka Mombasa kwa miguu?" Nikacheka naye, lakini moyo ulikataa.

Saa ninaihitaji kwa kazi. Mwaka jana kwenye mashindano ya tarafa, saa yangu ya zamani ilizima watoto wakiwa mbioni, na mwalimu Muchangi akasema mbele ya watu kwamba mimi hupima mbio kwa kivuli. Nikisema ukweli, yeye ana saa kama hiyo, na kwenye mikutano hukunja mkono wa shati makusudi. Je, inafaa bei hiyo?

Nyaga, Siakago

Mwalimu Nyaga,

Umeuliza swali moja ukaficha lingine. Nitajibu yote mawili.

Saa ni nzuri, sikubishii. Ndugu yangu Kiogora, anayesafirisha miraa kutoka Kangeta, anavaa ya aina hiyo mwaka wa sita sasa, imeanguka kutoka kwa lori na bado inatembea. Kwake imejilipa, kwa sababu akichelewa dakika ishirini mzigo unakosa ndege na miraa ya jana hainunuliwi. Wewe mashindano ni mara ngapi kwa mwaka? Shule ikihitaji saa ya kupimia mbio, mwalimu mkuu ainunue kwa pesa za michezo. Mbuzi wa Cicily hawakuajiriwa na serikali.

Hizo mita mia mbili zimenichekesha. Utazama wapi, Siakago, na mwezi huu mto wenyewe mnauchimbua mchangani kwa kikombe?

Kuhusu Muchangi, pole. Kuaibishwa mbele ya wenzako kunauma na sikudharau. Lakini tangi likibebwa kutoka kwenu, atakayeaibika mbele ya kikundi ni mkeo, ambaye hakumkosea Muchangi wala wewe. Huo uongo wa gata ndio unaokunyima usingizi. Njia ya mwongo ni fupi, na yako inaishia mlangoni kwa mwenye duka, siku Cicily atakapokwenda kumuuliza mwenyewe.

Sasa fanya hivi. Kesho, kabla ya kitu kingine chochote, mwambie ukweli. Atakasirika, nyamaza umsikilize. Jumamosi panda Embu uchukue elfu nne zako, urudi na gata, uzifunge wewe mwenyewe. Saa utaiwekea kidogo kidogo kutoka kwa mshahara wako, yeye akijua.

Na Jumapili baada ya kanisa, azima saa yoyote, beba mtungi wewe, uhesabu dakika kutoka mlangoni mpaka mtoni na kurudi. Rudia mara nne, kama afanyavyo yeye. Hizo raundi Cicily amezikimbia tangu umuoe, na wewe, mwalimu wa michezo, hujawahi kumpima.

Mama Kathambi