Mrija Unaoingia Chumbani

Jumapili jioni, Malaba

Na bado sijui nitamwambia nini Akisa kesho darasani.

Swali la mtihani nililitunga mwenyewe: ulimwengu umeundwa na nini? Wenzake wote waliandika atomi, wakapata. Yeye aliandika, "Sehemu kubwa bado haijulikani." Nikampa sufuri. Ijumaa akanifuata ofisini: "Mwalimu, naomba unionyeshe nimekosea wapi." Nikamfokea. Jana nikasoma, kumbe hajakosea. Kuna kitu huko angani kinachovuta nyota, kizito kuliko vyote tunavyoviona, na hakuna mtu amewahi kukiona. Miaka kumi nafundisha fizikia kwa uhakika. Uhakika wa nini?

Leo tulienda ukweni. Baba mkwe alituwekea chungu cha ajono, pombe yetu ya kienyeji, tukakizunguka wanaume watatu na mirija yetu mirefu. Pombe ikashuka haraka, nikashangaa. Mzee akacheka: "Si mama yako pia anakunywa?" Kumbe mrija wa nne ulipita mlangoni hadi chumbani. Kwa desturi yetu mama mkwe hawezi kukaa nami, kwa hivyo sijawahi kumwona akinywa. Lakini pombe inashuka, na najua ni yeye.

Nikafurahi, nimepata mfano wa Akisa. Halafu nikakwama. Chumbani kwa mzee najua nani yuko, binti yake ndiye nimeoa. Kule angani tunaona pombe ikishuka tu.

Alama nitampa. Lakini kwenye mwongozo wa kusahihisha, pale pa jibu sahihi, niandike nini?