Kamera Isiyolia

Kasongo, Jumapili, saa tisa alasiri

Mvua ilikatika tulipokuwa tunatoka kanisani, lakini mawingu hayajaondoka, na mimi pia siwezi kutulia. Nimekaa, nimesimama, nimefagia chumba nilichokifagia asubuhi. Kesho alfajiri Assani, dereva wa pikipiki, anarudi Kindu. Kabla hajawasha pikipiki lazima niwe nimeamua: aondoke na kamera yangu mpya, au aiache?

Nje, bwana wangu anaosha matope ya safari kwenye pikipiki yetu. Anapiga mluzi. Tuna wiki tano tu za ndoa, na kila nikiandika "bwana wangu" natabasamu peke yangu kama mjinga.

Faustin. Acha niliandike tena jina hilo. Faustin!

Niseme kwanza habari ya kamera. Kwa miaka minne nimepiga picha za ndoa na za ubatizo hapa mjini kwa ile nzito ya zamani, yenye kioo ndani kinachoinuka kila unapobonyeza. Vumbi na unyevu vimekila kioo hicho. Kilianza kukwama, tena kilichagua kukwama wakati maarusi wanavishana pete. Mkono nao ulikuwa unaniuma hadi bega.

Basi mfanyabiashara mmoja wa Kindu akanitumia picha ya kamera ndogo isiyo na kioo ndani. Imeshatumika, ina mikwaruzo, lakini nzima. Alikubali kuchukua ile ya zamani hivyo ilivyo, pamoja na lenzi mbili, nami niongeze zile pesa tulizotunzwa siku ya harusi. Pesa hizo tulikuwa tumezipangia mabati ya jiko. Nilimwambia Faustin kwa woga, nikiangalia chini. Akajibu huku anakula, kama mtu anayeomba chumvi: "Mabati itangoja. Mukono yako haiwezi kungoja."

Mwanamume gani mwingine angesema hivyo? Nilikwenda kulia kwa furaha nyuma ya jiko, chini ya paa lile lile la nyasi linalovuja.

Kamera ililetwa na Assani Jumatatu, kwa makubaliano kwamba nikiirudisha kwa safari yake ya kesho, nitarudishiwa vitu vyangu vyote. Ni nyepesi kama embe. Ukichungulia, unaiona picha jinsi itakavyotoka hata kabla hujaipiga. Sitadanganya, ina taabu zake. Lenzi moja niliyobaki nayo haiingii ila kwa pete ya kuunganisha, na pete hiyo ni ya bei rahisi, kwa hiyo kulenga ni kwa kuzungusha kwa vidole. Betri ni moja, inakufa kabla ya saa sita mchana, na kuichaji ni kwa sola tu, jua likikubali.

Lakini ina jambo moja lililoniteka. Inaweza kupiga picha bila kulia. Kimya kabisa. Hakuna "kla!" Nilipoigundua hali hiyo Jumatatu ile ile, sikuizima tena.

Nikaanza kumpiga picha Faustin. Faustin ananyoa ndevu. Faustin anapuliza makaa, mashavu yamejaa. Faustin amelala mchana, mdomo wazi. Zaidi ya picha sitini.

Hajui hata moja.

Ijumaa tulikwenda kwao, upande wa Wamaza. Nilikuwa nimeifunga kamera katika mfuko wa plastiki, nikaizungushia kitenge, nikaibeba kifuani kama mtoto mchanga, maana mara mbili tulishuka kusukuma pikipiki kwenye tope. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufika pale kama bibi wa nyumba ile. Aliyetungojea zaidi ni koko, mama ya marehemu baba yake Faustin, ambaye ndiye aliyemlea. Alikuwa na ombi moja tu: picha yake na yangu, tumesimama pamoja, aitundike ukutani.

Jana asubuhi alitoka amevaa kitenge kipya na kitambaa cha kichwa kilichofungwa vizuri sana. Nilimpa shemeji yangu, mdogo wa Faustin, kamera ashike, nikamwonyesha pa kubonyeza. Akaigeuzageuza.

"Shemeji, hii si apareyi, ni kitoto ya apareyi. Mama yake iko wapi?"

Watu wote uwanjani wakacheka. Nikasimama kando ya koko. Huko kwao, na hata hapa mjini, mtu akipigwa picha hukaza uso na kubana pumzi mpaka asikie mlio. Mlio ndio unaomfungua. Mimi najua hivyo tangu siku ya kwanza ya kazi yangu! Lakini niliridhika mno na ukimya wangu hata sikukumbuka.

Shemeji alibonyeza. Koko akaendelea kubana pumzi. Akabonyeza tena na tena. Koko macho mbele, shingo imesimama, mishipa imetoka.

"Unapiga ao haupige?" akauliza bila kufungua midomo.

"Nimeshapiga, koko!"

"Umepiga na nini? Sikusikia kitu!"

Hapo pumzi ilimtoka yote kwa mara moja, ikaleta kikohozi, na kikohozi kikaleta kicheko, akainama, kitambaa kikamtoka na kuanguka. Nilichukua kamera kutoka kwa shemeji. Mikono yangu ilikwenda yenyewe. Nilimpiga picha hivyo hivyo, nywele zake nyeupe chache nje, ufizi mtupu, machozi ya kucheka. Picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Nami, kwa furaha ya kijinga, nikaizungusha skrini kuwaonyesha watu.

Shemeji alipiga kelele za kucheka. Wengine wakafuata. Koko alikuja kutazama, akatazama muda mrefu, kisha akaokota kitambaa chake.

"Bibi ya Faustin," akasema polepole, "mutu akipita mu shamba yangu, aseme hodi. Ata kama ni muhogo moja tu. Weye haukusema hodi."

Nilifuta picha ile mbele ya macho yake. Nikatafuta mahali pa kurudisha mlio. Akajifunga kitambaa upya, tukasimama tena, shemeji akabonyeza, "kla!", koko akashusha pumzi. Picha ilitoka kama alivyoitaka: uso umekaza kama wa jaji. Aliridhika. Lakini tulipokuwa tunaingia ndani alishika mkono wa Faustin, wangu hakuushika.

Njia nzima ya kurudi jana jioni nilikuwa nimelaza kichwa mgongoni mwa Faustin. Alidhani nimechoka.

Sikuchoka. Nilikuwa nawaza picha nyingine. Jana hiyo hiyo asubuhi na mapema, kabla ya yote, niliamka nikakuta Faustin hayupo kitandani. Alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye kaburi la baba yake. Alichuchumaa, anang'oa majani kwa mkono mmoja, na midomo yake ilikuwa inatembea. Nilisimama mlangoni nikapiga. Sikupiga moja, nilipiga tano. Moja kati ya hizo nilishaanza kuipangia ukubwa wa karatasi ya kuichapa.

Sasa ukweli, na niuandike kwa moyo wangu wote: naogopa kumwambia. Nikimwambia, atasema kamera irudi Kindu, na atakuwa na haki. Nitakuwa nimepoteza kamera, na yeye atajua kwamba alikubali kuyangoja mabati kwa ajili ya mke anayemchungulia. Nisipomwambia, Assani atapita kesho, kamera itabaki, nami nitaishi na picha sitini chini ya mto.

Wiki tano tu, na tayari nina siri?

Naweka chini simu ninayoandikia. Natoka.

Saa kumi na nusu

Nimerudi.

Nilimpa kamera nikamwambia zote ni zako, tazama. Alifuta mikono kwenye suruali. Mwanzoni alicheka, ah, alicheka hadi akaketi kwenye ndoo! "Ona huyu bwana anavyokoroma!" akasema akijionyesha kwenye skrini. "Na huyu ni mwalimu wa watoto?" Za ndevu alizipenda. Ya makaa akasema nimtumie dada yake. Nikaanza kupumua.

Halafu akafika kwenye zile za kaburi.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwa mlango."

Akaziangalia zote tano, moja moja, kisha akanirudishia kamera.

"Nilikuwa naongea na baba," akasema. "Nilikuwa namuambia habari yako."

Nilizifuta. Tano zote, hata ile niliyoipangia karatasi. Sikubakiza. Kisha nikamuuliza kama Assani aichukue kesho.

"Apareyi haina kosa, sheri yangu. Apareyi haijue inaangalia nani. Ni weye unajua."

Akainuka akaendelea na gurudumu la nyuma. Hapigi mluzi tena. Hakukasirika, namjua, ila amekwenda mahali ambapo sijaalikwa, na leo nimejifunza kumwacha huko.

Nimemtumia Assani ujumbe: kaka, usipite kwetu kesho, nenda salama. Kamera inabaki, na pete yake mbaya na betri yake ya nusu siku. Mlio umewashwa. Jumamosi nina harusi parokiani, na watu watausikia mpaka benchi la mwisho. Na nitarudi Wamaza kabla ya mavuno, nimpelekee koko picha yake ndani ya fremu, niombe aushike mkono wangu.

Sasa hivi natengeneza chai. Nitatoka nayo, vikombe viwili, nikae karibu naye kwenye matope yale, bila kamera, bila simu, nimtazame kwa macho haya mawili tu.

Sijui kama nitaweza hata dakika kumi.